Serikali ya Sebuleni

Shemeji yenu ni fundi wa viyoyozi na mafriji, na kazi anaijua. Mpe kiyoyozi kilichozimika tangu mwaka juzi. Ataweka kiganja juu ya kompresa, atege sikio, akwambie kinaumwa nini kabla hajalegeza hata skrubu moja. Kilichokuwa kinamwangusha ni Kiingereza. Wateja wanaolipa bila kuvutana wako Masaki na Oysterbay, wengi wao ni wageni, na kampuni moja inayowahudumia ilimweleza wazi kwamba inataka fundi anayeweza kuzungumza na mteja mwenyewe.

Yeye alisoma shule ya msingi kwa Kiswahili kama sisi wengine, akaingia sekondari akakuta kila somo limegeuka Kiingereza isipokuwa Kiswahili chenyewe, akaimeza fizikia kama mtu anavyomeza klorokwini: macho kafumba, maji kibao. Akafaulu. Mpaka leo ukimpa mwongozo wa mashine anausoma na kuuelewa. Lakini kumwambia mwenye nyumba, uso kwa uso, kwamba maji yanamdondokea kitandani kwa sababu mpira wa kutolea maji umeziba, hapo ulimi unagoma.

Aliyetuletea balaa ni mpwa wake, kijana wa kidato cha nne anayekaa kwetu Tabata.

"Mjomba, achana na vitabu. Fungua YouTube, tafuta vichekesho. Neno ulilolichekea haliondoki kichwani."

Ushauri wenyewe haukuwa mbaya. Kasoro ilikuwa kwenye uchaguzi wa vichekesho. Kijana ni mwenyekiti wa klabu ya mdahalo shuleni kwao. Habari za Mr. Bean hana, na Mr. Bean mwenyewe hasemi. Anachopenda ni siasa. Akamshawishi mjomba wake kwamba Kiingereza kilichonyooka kuliko vyote kiko kwenye vichekesho vya kuwasema wanasiasa, na kwamba cha kuanzia ni Yes Minister.

Kwa asiyekijua, hicho ni kipindi cha BBC kilichoanza mwaka 1980. Kuna waziri, Jim Hacker, ameingia wizarani na nia njema pamoja na hamu kubwa ya kuonekana magazetini. Kuna katibu mkuu wake, Sir Humphrey Appleby, ambaye kazi anayoipenda ni kuhakikisha waziri hafanyi lolote. Waziri akileta wazo, katibu mkuu anamjibu kwa sentensi ndefu isiyo na mahali pa kupumulia, na ikifika mwisho wazo limeshakufa. Nigel Hawthorne, aliyemwigiza huyo katibu mkuu, alikuwa akizitema sentensi hizo kwa pumzi moja, na watazamaji wanapiga makofi. Margaret Thatcher alikuwa shabiki kiasi kwamba mwaka 1984, akiwa waziri mkuu, alipanda jukwaani kuigiza kipande kifupi na waigizaji wa kipindi hicho.

Sasa fikiria mtu anayetaka kujua namna ya kuomba ngazi na ndoo, anapelekwa kwa Sir Humphrey!

Masomo yalifanyika sebuleni kila baada ya chakula cha usiku. Runinga iliunganishwa na simu yangu, maana ndiyo iliyokuwa na bando la mwezi, na bando la mwezi likawa la wiki. Tamthilia yetu ya Kituruki, ambayo mimi, dada wa kazi na mama mkwe tulikuwa tumeifikisha pale ambapo mke mdogo anakaribia kuumbuka, ikasitishwa bila taarifa. Mama mkwe alikuwa amekuja kutoka Tanga kwa matibabu ya macho, na daktari alikuwa amemruhusu kutazama runinga kidogo tu. Akaona hata hicho kidogo kimechukuliwa na wazee wa Kizungu wanaozungumza wamesimama.

"Hawa wanagombea nini?" aliniuliza.

"Mama, hawagombei. Hawataki kufanya kazi."

"Basi si wangekaa."

Shemeji yenu alinunua kaunta buku. Kushoto aliandika neno la Kiingereza, kulia maana. Siku moja nikipanga sebule nililifunua, nikakuta ukurasa mzima umejaa mabadiliko ya baraza la mawaziri, mbunge wa viti vya nyuma, waraka wa serikali, kamati ndogo ya kamati. Kwenye neno "courageous" alikuwa ameandika "jasiri", akaongeza kwa kalamu nyekundu: "Uamuzi wa kijasiri ni ule utakaokunyima uchaguzi." Huo ndio utani wenyewe wa kipindi: katibu mkuu akitaka kumtisha waziri, humpongeza kwa ujasiri, na waziri anaingiwa na baridi. Chini yake, mbele ya "with respect", maelezo yalikuwa: "Kwa heshima zote. Maana yake huna akili." Nililitafuta neno la ndoo kurasa zote. Halikuwamo. Wala koleo, wala bisibisi, wala tone la maji.

Mimi nauza barafu: za ubuyu, za ukwaju, na maembe yakiwa mengi nagandisha za maembe. Friza liko koridoni, kati ya jikoni na sebule. Ijumaa moja nikalisikia linatoa mlio nisioupenda. Linagonga, tak. Kimya kidogo. Kisha linanguruma kwa kujilazimisha, halafu tak tena, kimya. Nikaenda mlangoni.

"Baba watoto, friza linagonga."

Bila kugeuza shingo, akanijibu kwa Kiingereza, kwa sauti ya taratibu ya mtu aliyelala vizuri. Nikamtazama mpwa, naye akakaa sawa kama mkalimani wa Ikulu.

"Shangazi, mjomba anasema hakuna kitakachotokea."

Jumamosi jioni mfuniko ulikuwa unatoka jasho, na barafu za juu ukizibonyeza zinabonyea. Nikarudi mlangoni. Kiingereza kingine, mkalimani kazini. Safari hii inawezekana kuna kitu kinataka kutokea, lakini busara inataka tusifanye lolote kwa sasa. Kijana alikuwa anajing'ata mdomo asicheke, nami nikaliona hilo nikaliweka akiba.

Jumapili ubuyu ulikuwa uji. Ndani ya friza hilo, pamoja na biashara yangu, mlikuwa na changu wa jirani aliyesafiri na nyama ya kuku ya mtu ambaye hata sikumkumbuka. Nilikwenda sebuleni na kifuko kimoja cha ubuyu mkononi, kinachuruzika kwenye zulia. Mume wangu alikitazama kwa huzuni ya kiserikali, akasema maneno yake, na mpwa akatafsiri kwamba labda kweli ilibidi tufanye kitu, ila sasa hakuna tunachoweza kufanya. Leo Jumapili, duka lake la vipuri Kariakoo limefungwa.

Nilikuja kuambiwa baadaye kwamba hatua hizo zina wenyewe. Zimo kwenye Yes, Prime Minister, mwendelezo wa kipindi kilekile baada ya Hacker kupanda cheo, mwaka 1986. Maofisa wakubwa wanaelezana namna ya kushughulikia janga nchi za nje: kwanza unasema hakuna kitakachotokea, kisha unasema huenda kitatokea lakini tusifanye kitu, kisha tungefanya lakini hatuwezi. Ya nne ni kusema kwamba pengine lilikuwapo la kufanya, ila sasa tumechelewa. Nilikuwa naishi ndani ya kipindi, mimi ndiye nchi ya nje.

Hatua ya nne ilitukuta alfajiri ya Jumatatu. Ubuyu wangu natia rangi nyekundu, watoto wanavyoupenda, na usiku huo wote ulikuwa umeshuka kwenye tundu la chini la friza, ukajaa koridoni, ukaingia sebuleni ukilielekea zulia. Aliyetangulia kuamka ni mama mkwe kwa ajili ya sala. Macho yake ndiyo hayo yaliyomleta mjini. Akawasha taa, akaona wekundu umetapakaa sakafuni, akapiga ukelele uliowaamsha majirani wa pande zote mbili.

"Astaghfirullah! Nani kachinjwa?"

Tukatoka wote, mimi na kanga moja, watoto na mashuka yao. Shemeji yenu akasimama katikati ya ule wekundu, akatazama, akakohoa, akaanza Kiingereza: pengine lilikuwapo jambo ambalo tunge...

"Nyamaza wewe," mama yake akamkata. "Shika dekio."

Akalishika. Asubuhi akaenda Kariakoo kwa miguu yake mwenyewe, akarudi na kidude kidogo kinachoenea kwenye kiganja. Ni rilei, ile inayoipa kompresa msukumo wa kuanza. Aliichomoa ya zamani ubavuni mwa kompresa akanipa niitikise karibu na sikio. Ndani mlikuwa mnachakarika, kidonge chake kimeungua na kupasuka vipande. Ndiyo maana ilikuwa tak, kunguruma, tak: kompresa inataka kuamka, haina wa kuiamsha, kinga yake inakata umeme isiungue, ikipoa inajaribu tena. Alichomeka mpya, friza likaamka. Kazi nzima ilikwisha ndani ya muda mfupi kuliko Yes Minister moja, na Yes Minister moja ni nusu saa. Alipoona navyomtazama akaenda mwenyewe kuosha zulia.

Kuku aliharibika. Changu wa jirani ilibidi wapikwe siku hiyohiyo, jirani tutamlipa akirudi, na ili wasitupwe tukawaalika baba wadogo wawili waje kula. Hapo ndipo mtoto wetu wa darasa la tano naye alipoonyesha kwamba masomo ya sebuleni hayakuwa ya baba yake peke yake.

Watu walikuwa wameshahamia Spitting Image. Hicho ni kipindi cha ITV cha vikaragosi vya mpira vilivyofinyangwa na Peter Fluck na Roger Law, kikarushwa kuanzia 1984 hadi 1996, na nyuso zake ni mbaya makusudi. Kuna kipande mashuhuri humo: Thatcher, amevaa suti ya kiume, yuko mgahawani na mawaziri wake. Mhudumu anamuuliza atakula nini, naye anataka nyama, tena mbichi. Mhudumu anauliza, na mboga je? Thatcher anajibu kwamba wao watakula kama yeye. Uingereza mtu aliyezubaa huitwa mboga, na mawaziri wake ndivyo watu walivyowaona. Kwa kujifunza majina ya vyakula, nakiri, kipande hicho kinafaa kuliko vikao vyote vya Sir Humphrey.

Basi nikaleta bakuli la mchicha. "Na mboga je, nani nimwekee?"

Mtoto akakaza uso, akawanyooshea kidole baba zake wadogo, akasema kwa Kiswahili safi: "Mboga watakula ninachokula mimi."

Kimya kikatanda. Mpwa alikwishainuka, anakimbilia uani. Baba mdogo mkubwa akaweka tonge chini.

"Kwani sisi tumesema hatutaki mchicha?"

Mama mkwe akaona mwanawe kaonewa, akamrundikia mchicha mpaka changu hakuonekana tena. Hakuna aliyecheka mezani. Nadhani kila taifa lina mboga zake, na kwetu mboga ni heshima.

Kisa cha Masaki sikukishuhudia. Nakileta nilivyosimuliwa, na msimuliaji siku hiyo alikuwa na furaha, kwa hiyo mpunguzie kidogo. Mlinzi mmoja wa geti alimwelekeza kwa mama wa Kiingereza, mtu mzima, anayeishi peke yake. Mama huyo alikuwa amenunua kiyoyozi cha BTU 9,000 akitaka kifungwe kwenye sebule kubwa yenye vioo upande mzima wa magharibi, ambako jua la saa kumi linapiga bila huruma. Kila fundi anajua kiyoyozi hicho ni cha chumba cha kulala. Pale kingeunguruma mchana kutwa, kile umeme, na sebule ibaki vilevile. Alichotaka kusema shemeji yenu ni kwamba mashine ni ndogo. Neno "ndogo" kwa Kiingereza analijua tangu utotoni. Lakini alikuwa amekula Yes Minister kwa wiki nyingi, akaona mteja wa heshima anastahili Kiingereza cha heshima. Akasimama wima akamwambia: "With respect, madam, that is a very courageous decision."

Yule mama akamkodolea macho. Kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi za baraza, akavua miwani akafuta machozi, akamuuliza nani aliyemfundisha. Alipotajiwa jina la Sir Humphrey akacheka upya. Kumbe alikitazama kipindi hicho akiwa msichana, wiki kwa wiki, na baba yake.

Furaha ilifika mwisho kazi ilipoanza. Mafundi wetu wanajua: ukifika kwa mteja ghafla unahitaji vitu vya mwenye nyumba. Shemeji yenu alitaka ngazi. Jina lake halikuwamo kwenye kaunta buku. Akaomba, kwa Kiingereza kilichonyooka kabisa, apatiwe utaratibu wa kumwezesha kufikia ngazi za juu, na mama wa watu akadhani anaomba kupandishwa cheo. Alipotaka ndoo akaomba chombo cha kudhibiti hali ya maji kwa kipindi cha mpito. Yule mama mwishowe akampeleka stoo, akamwonyesha kimoja kimoja. Akachukua kalamu ya wino mzito na plasta nyeupe, akaandika jina la kila kitu na kukibandika: ngazi, ndoo, kitambaa, koleo, waya, chujio. Mwanamume akarudi nyumbani na sanduku la vifaa lililobandikwa plasta kila mahali. Jioni hiyo aliketi kwenye kochi akayanakili maneno yote kwenye kaunta buku, kuanzia ukurasa mpya.

Siwezi kusema vichekesho havikumsaidia. Sikio lake lilizoea. Mteja akiongea haraka hababaiki tena. Na kuna hili nililoligundua nikiwa jikoni, nikisikiliza bila kutazama: siasa ikichekeshwa vizuri haiko mbali na sufuria. Hacker mwenyewe aliupata uwaziri mkuu kwa sababu ya soseji. Ni kipindi maalumu cha mwaka 1984: anawaambia Waingereza kwamba Ulaya inataka kuinyang'anya soseji yao jina, taifa linapandwa na hasira, naye anaibuka shujaa. Kuna kingine cha hospitali mpya yenye mamia ya watumishi na haina mgonjwa hata mmoja, na ndiyo inayosifiwa kwa usafi. Soseji, kitanda, shuka, usafi: maneno ya kila siku yamo, ila unayachambua kama mchele wenye mawe.

John Oliver ni habari nyingine. Ni Mwingereza aliyehamia Marekani, anakaa nyuma ya meza tangu 2014 kwenye HBO, na mada moja huiganda karibu nusu saa. Mama mkwe aliuliza yule bwana mwenye miwani amekosewa nini na nani, maana anafoka mno. Matusi hana pazia, na kasi yake inamshinda hata mpwa. Lakini ile aliyoitoa mwaka 2015 kuhusu wafugaji wa kuku wa mkataba, wanaokopa kujenga mabanda huku kampuni kubwa ikimiliki kuku wenyewe, ilinitoa jikoni nikaja kukaa. Niliwahi kufuga kuku wa nyama. Banda, vifaranga, chakula, mkopo, deni: karibu kila neno nililielewa bila mkalimani, kwa sababu maumivu yake nayajua.

Chaguo langu mimi ni XYZ Show ya Kenya. Ilianza mwaka 2009 kwenye Citizen TV, wakati wa serikali ya mseto ya Mwai Kibaki na Raila Odinga, baada ya damu iliyomwagika kwenye uchaguzi wa 2007. Vikaragosi vyake ni vya mpira, kwa mfano wa Les Guignols de l'info ya Ufaransa, na mwanzilishi wake ni Gado, mchora katuni Godfrey Mwampembwa, mtoto wa Dar es Salaam. Shemeji yenu aliikataa. Alidai si Kiingereza kamili, kwani wanachanganya na Kiswahili na Sheng. Nikamwambia ndiyo maana inafaa. Mhusika anaanza kwa Kiingereza, akikasirika anamalizia kwa Kiswahili, na katikati hapo unaokota neno bila mtu kukuonyesha. Barabara mbovu na wabunge wanaojiongezea mishahara, mtu wa Tabata haelezwi. Tulibishana, nikamkumbusha bando ni la nani, tukatazama XYZ.

Kampuni ile bado haijamwita. Mama wa Masaki alibadilisha kiyoyozi akachukua kikubwa, akamtambulisha kwa majirani zake, na sasa wateja wa upande ule wanampigia simu wenyewe naye anapokea mwenyewe. Kaunta buku limejaa, kuna la pili.

Kwa hiyo wewe unayetaka kupita njia hii, anza na XYZ. John Oliver mtazame kwa kupunguza kasi ya video, na maandishi ya chini uyawashe. Yes Minister iache mpaka uwe unajua jina la kila kitu kilichomo stoo yako, na Spitting Image iwe watoto wameshalala. Bando nunua lako.